Huduma ya Kwanza Ifundishwe Kila Shule



Juni 1994, moto uliteketeza bweni la wasichana katika Shule ya Sekondari Shauritanga, Wilaya ya Rombo, ukaua wanafunzi zaidi ya 40. Msiba ule ulikuwa wa taifa zima. Funzo lake lisisahauliwe.

Mkoa wa Kilimanjaro una Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971. Lakini daktari bingwa hawezi kumwokoa asiyemfikia akiwa hai. Katika vihamba vya Kibosho, Machame na Marangu, masika hugeuza njia kuwa utelezi. Anayemfikia majeruhi kwanza si mganga. Ni jirani, na pengine mwanafunzi.

Mafunzo yenyewe hayahitaji fedha nyingi. Jeraha linalovuja damu hukandamizwa kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia. Palipoungua hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Mafuta wala dawa ya meno havipakwi. Penye moshi, watu hutambaa karibu na sakafu. Tena mlango wa bweni usifungwe kwa nje, na kila muhula wanafunzi wafanye zoezi la kutoka gizani.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilidai shule imwandae kijana kuitumikia jamii yake. Kuokoa uhai ni utumishi ulio bora. Kila mwalimu mkuu na ajiulize: bweni likishika moto usiku wa leo, nani anajua la kufanya?