Hariri kwa Madoa ya Ngozi: Jibu la Swali la Mama wa Makambako

(Matini ya mhadhara uliotolewa kwa Waislamu wa Kidugala na vijiji vya jirani)

  

Ndugu zangu katika imani, mada ya leo imetokana na swali. Mama mmoja wa upande wa Makambako alinijia pamoja na kijana wake. Kijana alipatwa na upele, akajikuna mpaka akatoka vidonda. Vidonda vimepona, lakini mikono na shingo vimebaki na madoa meusi, na kijana anaona haya hata kukunja mikono ya kanzu wakati wa kutawadha mbele za watu. Mfanyabiashara mmoja akamwuzia mama kopo la krimu, akamwambia imetengenezwa kwa hariri na madoa yote yatakwisha. Mama akakumbuka kwamba hariri ni haramu kwa wanaume. Akalificha kopo chini ya kitanda mpaka apate wa kumwuliza. Allah amlipe kheri, kwani wengi wetu hununua, tukapaka, na swali tukalikumbuka ngozi ikishaharibika.

Tuanze na sharia. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) amewakataza wanaume wa umma wake kuvaa hariri na dhahabu, na amewahalalishia wanawake. Lakini Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, na Bukhari na Muslim wamepokea, kwamba Mtume aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam (r.a.) kuvaa kanzu za hariri kwa sababu ya muwasho uliowapata. Katika riwaya nyingine, walimlalamikia chawa wakiwa vitani. Watazameni watu hawa ni nani: wote wawili ni miongoni mwa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Hawakuwa watu wa kutafuta upenyo katika dini. Waliugua, wakasema shida yao, wakaruhusiwa. Imamu Shafi na wanazuoni wengi wameiona ruhusa hiyo kuwa ni ya kila mwanamume mwenye udhuru kama wao, ingawa imepokewa kutoka kwa Imamu Malik rai ya kukataza.

Na hayo ni katika kuvaa. Kupaka dawa mwilini si kuvaa, wala hariri si najisi. Dada zetu huswali nayo.

Atasimama mtu aseme: muwasho ni maradhi, lakini doa haliumi, kuliondoa ni kujipamba na kubadili maumbile ya Allah. Hoja hii ina uzito, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amewalaani wenye kuchanja miili kwa nakshi, wenye kunyoa nyusi na wenye kuchonga meno kwa ajili ya urembo. Lakini tukumbuke kisa cha Arfaja bin As'ad (r.a.), walichokipokea Abu Daud na Tirmidhi. Pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, zama za ujahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, Mtume akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Dhahabu, ndugu zangu, kwa mwanamume! Na pua ya dhahabu haiponyi homa wala haiondoi maumivu. Inamrudishia mtu uso aliokuwa nao. Basi mwenye kutaka ngozi yake irudi kama ilivyokuwa kabla ya upele, kuungua au chunusi, huyo yumo katika njia ya Arfaja. Mwenye kutaka rangi ambayo hakupewa tangu alipozaliwa, jambo lake ni jingine, nasi tutalifikia.

Sasa tuitazame hariri yenyewe. Kiwavi wa hariri, mla majani ya mforsadi, hujisokotea kifuko kwa uzi mmoja mrefu. Uzi huo una protini mbili. Fibroini ndiyo uzi wenyewe, nayo ni kiasi cha robo tatu. Serisini ni gundi inayoushikilia, na viwanda vya nguo huiyeyusha kwa maji ya moto na kuimwaga ili hariri ing'ae. Gundi hiyo inayomwagwa ndiyo inayosemwa kuwa dawa ya madoa.

Ngozi yetu inapopata uvimbe na jeraha, chembe zake za rangi huchokozeka na kumwaga melanini kupita kiasi. Sisi wenye ngozi nyeusi hupatwa zaidi, na doa hukaa miezi mingi hata baada ya ugonjwa kuondoka. Melanini haitengenezwi bila kimeng'enya kiitwacho tirosinasi. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walitangaza kwamba serisini hukizuia kimeng'enya hicho. Lakini walikipima katika vyombo vya maabara, na chupa ya maabara si shingo ya mtu. Huko Thailand, mwaka 2013, madaktari walichanganya serisini na dawa ya majeraha ya moto, na majeraha yakapona mapema zaidi. Hizo ni habari njema, lakini hazitoshi kumpa mchuuzi haki ya kuapa kwamba madoa yote yatakwisha.

Nawaonya pia wanaotaka kuuza krimu hizi kwa jina la tiba ya Sunna. Mwaka 2017 yalitangazwa Uingereza matokeo ya utafiti wa watoto 300 wenye pumu ya ngozi. Waliovalishwa nguo za hariri pamoja na matibabu ya kawaida hawakuonekana kupata nafuu kuliko wenzao. Je, hilo linapingana na hadithi? Hapana. Mtume aliwapa masahaba wawili ruhusa. Hakuahidi kwamba hariri itaponya kila muwasho. Anayemzidishia Mtume maneno ili auze kopo, na aiogope siku ya hesabu.

Linalonitisha zaidi ni jina la hariri kuandikwa juu ya mkorogo. Makambako ni njia panda ya barabara kuu na ile ya Songea. Bidhaa za kila upande hushuka pale. Zebaki hung'arisha ngozi upesi, kisha huingia katika figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa wa figo ambao wengi wao walikuwa wakipaka krimu za zebaki. Haidrokwinoni nayo, ikipakwa muda mrefu, huacha weusi wa buluu usiofutika; Afrika Kusini hayo yalielezwa mwaka 1975. Vitu hivyo viwili vimepigwa marufuku nchini katika vipodozi. Kazi ya kuvikagua ilikuwa ya TFDA tangu 2003, na tangu 2019 ni ya TBS.

Na sisi wanaume tusijitoe. Ni nani anayesema mbele ya mabinti zake kwamba anamtafutia kijana wake mke mweupe? Kisha siku ya Ijumaa tunawakemea wanawake kwa mkorogo!

Nilimjibu mama hivi. Krimu ya hariri kijana wako anaruhusiwa, naye hana dhambi. Lakini kopo lako nililitazama: halina orodha ya vilivyomo wala jina la aliyetengeneza. Hilo usimpake. Kwanza hakikisheni upele umekwisha, nyumba nzima wapake dawa siku moja, maana ukibaki kwa mmoja utarudi kwa wote na madoa mapya yatakuja. Asijikune. Afunike mikono na shingo, kwani jua la huku juu huchoma hata katika baridi ya Juni na hulikoleza doa. Baka likiwa halina hisia, aende zahanati siku hiyo hiyo, huenda ni ukoma, na dawa zake hutolewa bure. Mengine yaachiwe muda. Madoa mengi ya namna yake hufifia yenyewe.

Mama akauliza, na zile fedha alizolipa? Nikamwambia arudi kwa mwuzaji akadai, nami nikaandamana naye.