TUZO YETU NA IWE MIZANI

Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi ya Umoja, Bariadi



Tumepewa kazi ya kueleza habari za tuzo hii iliyo mezani, ambayo kila msimu itakabidhiwa chama cha msingi kilicholeta pamba bora. Wapo walioshauri tununue kikombe dukani, maana kinang'aa. Lakini kikombe kama hicho hupewa hata timu ya mpira, wala hakisemi kilipatikana kwa kazi gani. Tuzo njema hujieleza yenyewe.

Ndiyo sababu tulichagua umbo la mizani. Zamani mkulima wa Usukuma alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyesoma uzito. Malalamiko juu ya mizani hiyo yaliwafanya wakulima waweke wapimaji wao wenyewe, kisha waunde vyama, hata mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Bwana Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake. Ushirika wetu ulizaliwa mizanini.

Mti uliotumika ni mpingo. Moyo wake ni mweusi, bali sehemu iliyo chini ya gome ni nyeupe. Mtazameni fundi alivyotumia rangi hizo. Watu wamebebana, kama katika vinyago vya Kimakonde viitwavyo Ujamaa. Aliye juu ameshika mizani, upande mmoja jiwe jeusi, upande wa pili furushi jeupe la pamba. Vyote ni gogo moja, bila gundi wala msumari.

Kazi hii haitaki haraka. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, nao ni mzito hata huzama majini. Ukikaushwa juani hupasuka. Kwa hiyo ncha za gogo hupakwa nta, nalo huwekwa kivulini. Tezo hutoa umbo, patasi hutoa nyuso na vidole, tupa na msasa hulainisha. Kwa kuwa mti huu hukua polepole, kila chama kitakachopokea tuzo na kipande miche ya mpingo.

Lakini, ndugu zetu, ustadi wa fundi hautatufaa kitu ikiwa mshindi hakushinda kwa haki. Fedha iliyolipia tuzo hii ni shilingi za wakulima. Katika ngoma za Wagalu na Wagika mshindi hatangazwi kutoka ofisini. Hujulikana kwa umati unaomzunguka uwanjani. Vivyo hivyo daftari za mizani zisomwe hadharani, na wanachama waamue. Jina la kiongozi yeyote lisichongwe juu yake. Na chama kitakachoonekana kimetia maji au mchanga katika pamba, au kimechanganya fifi na safi, kiirudishe tuzo mbele ya mkutano, hata kama ni chama cha Mwenyekiti au cha Katibu.

Tuzo isiyoweza kurudishwa ni pambo la kabati tu. Hii tunataka iwe shahidi.

Pamba safi, mizani ya haki, na Umoja udumu.