Bwana Afya na Sufuria ya Mama Lishe

Kazi ya Bwana Afya ni ngumu. Mama lishe anayemkagua leo, kesho watapanga foleni pamoja bombani. Lakini kipindupindu hakijali ujirani. Kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, watu walikufa. Kwa hiyo sheria ndogo, ambazo Halmashauri hutunga kwa mujibu wa Sheria ya Mamlaka za Miji ya 1982, lazima zifuatwe.

Hata hivyo, sufuria ikimwagwa barabarani, mama lishe hujifunza kukimbia tu. Afisa aeleze kosa, aandike notisi, atoe muda, kisha arudi kukagua. Faini ikilipwa, stakabadhi itolewe. Isipotolewa, fedha hiyo imeingia mfukoni mwa mtu. Nasi walaji tudai maji ya kunawa kabla ya sahani.