Kibao cha Dari na Jicho la Mtazamaji



Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo humwonya mtu asidanganywe na sura ya nje. Lakini hapa Kinondoni iko habari inayoigeuza: kipande cha ubao ambacho hakuna aliyekijali, nacho kikaonekana kuwa na uzuri.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani na bustanini. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa amesomea uchoraji. Alichukua mbao nyembamba za kupigia dari, akazikata vipande vya mraba, na akatumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay.

Kibao cha dari hukaa juu ya kichwa, wala mwenye nyumba hakiangalii ila siku paa linapovuja. Rangi ya baiskeli nayo kazi yake ni kuzuia kutu. Tingatinga aliviona vitu hivyo kwa upande mwingine. Alikisimamisha kibao mbele ya macho, akachora juu yake chui, mwili ukionekana ubavuni na uso ukimwelekea mtazamaji, macho yote mawili wazi.

Walikuwapo walioziita picha hizo kazi za kitoto, na wengine bidhaa za watalii tu. Walizipima kwa kipimo cha picha za Ulaya, wakitafuta kivuli na umbali, nazo zikapungua. Lakini mtazamaji akiacha kuuliza kama chui yuko hivyo porini, akauliza mchoraji alitaka aonekane vipi, picha ile ile humfungukia.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Umri wake ulikuwa miaka 40 hivi. Kwa hiyo kutazama vibaya si hasara ya mtazamaji peke yake. Wakati mwingine hulipwa na anayetazamwa. Wanafunzi wake hawakuacha kazi. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika, na leo jina lake ni jina la mtindo wa uchoraji unaojulikana hata Ulaya na Japani.

Washarika wapendwa, Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale husimuliwa mara nyingi kwa vumbi, mitaro na mafuriko. Hayo ni kweli, na kuyasifu kungekuwa kuwadhihaki wanaoishi nayo. Hata hivyo, katika mitaa hiyo hiyo mchomeleaji hupinda nondo za dirisha zikawa maua, na mama muuza nyanya hupanga mafungu yake kwa mkono usiokosea. Asiyeona jema lolote katika mtaa hukosa sababu ya kuutengeneza. Aonaye jema hupata uchungu wa kuona mtaro umeziba, naye huchukua jembe.

Kwa hiyo apitaye kesho njia aliyoizoea, na asimame kidogo, asogee hatua moja, atazame tena. Huenda aliyeketi kando ya barabara ana kibao mkononi, naye angali hai.