GEGO LA MWISHO NA VIDONDA VYA KINYWA

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja katika mkutano wa mwezi wa chama chetu)



Halmashauri ilipoagiza kwamba katika kila mkutano mwanachama mmoja asimame aseme juu ya jambo la manufaa, nadhani ilitazamia habari za akiba, au za mirathi, au za namna ya kuandika barua za serikali. Mimi nimechagua meno. Katibu alicheka nilipomwambia, wala sikumlaumu, maana alionyesha meno mazima. Nawaomba mkumbuke kwamba mimi si mganga. Ni karani kama ninyi. Haya niliyo nayo nimeyapata kwa kuugua mwenyewe, kwa kumwuguza rafiki, na kwa kumwuliza maswali mengi daktari mmoja wa meno mwenye subira.

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Magego manne ya mwisho, moja katika kila pembe ya kinywa, huota baada ya mengine yote, kwa kawaida kati ya miaka 17 na 25. Na wako watu wasioota kamwe. Kwa kuwa huja mwisho, mara nyingi hukuta nafasi imekwisha. Ni kama mtu afikaye mkutanoni wakati benchi limekwisha jaa: hujipenyeza ubavu, huwasukuma wenzake, au husimama mlangoni nusu ndani nusu nje. Gego hilo laweza kuinama likiegemea jino la mbele yake na kuliharibu, laweza kulala ndani ya taya kama gogo, au laweza kutokeza ncha moja tu, sehemu iliyobaki ikafunikwa na kijinyama cha ufizi.

Kijinyama hicho ndicho kilichonitesa. Chini yake huwa na mfuko mdogo. Chakula huingia, mswaki haufiki, na vijidudu hustawi humo. Nilikuwa na umri wa miaka 24, na hesabu za mwisho wa mwaka zilikuwa mezani pangu. Siku ya kwanza nilisikia maumivu kidogo tu nyuma ya taya la chini, upande wa kulia. Siku ya pili ufizi ukavimba, na kila nilipofunga kinywa gego la juu liliuma uvimbe ule ule. Basi nikafanya tufanyavyo wengi: nikaenda dukani nikanunua vidonge vinne bila cheti cha daktari, nikameza viwili, na viwili nikaviweka akiba kama mtu awekaye stempu. Mwenzangu mmoja akanishauri niweke aspirini juu ya ufizi. Niliiweka usiku kucha, na asubuhi nyama ilikuwa imeungua ikawa nyeupe, nikawa na maumivu mawili badala ya moja. Aspirini ni ya kumezwa. Ni asidi, nayo huunguza kinywa. Karafuu ina mafuta yatulizayo, na hata madaktari hutumia mafuta yake katika dawa za kuzibia meno, lakini haiondoi uchafu ulioko chini ya ufizi. Siku ya nne sikuweza kufunua kinywa kupita upana wa kidole kimoja. Siku ya tano nikazifunga hesabu, kwa kiburi cha ujana, ndipo nikaenda hospitali.

Daktari aliponiona alikasirika, wala si kwa ajili ya jino bali kwa ajili ya zile siku tano. Alinieleza kwamba usaha wa gego la chini waweza kushuka chini ya ulimi na kuingia shingoni. Mwaka 1836 Mjerumani mmoja, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliandika habari za ugonjwa huo: chini ya taya hukazana kama ubao, ulimi huinuliwa, mgonjwa hawezi kumeza hata mate yake, na mwisho njia ya pumzi huzibwa. Dawa za kuua vijidudu zimeupunguzia ukali, walakini hata leo huua mtu akicheleweshwa. Kwa hiyo mwenye gego bovu akiona homa, uvimbe chini ya taya, sauti imebadilika, mate yanamtoka, au kumeza ni shida, asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali usiku ule ule, akiwa ameketi, asilazwe chali.

Mimi Mungu alininusuru. Daktari alisafisha chini ya kijinyama kwa bomba la maji ya chumvi, kisha akaniandikia dawa ya siku kamili, kwa kuwa uvimbe ulikuwa umeenea. Angenipata siku ya kwanza, alisema, kusafisha na kusukutua kungetosha: nusu kijiko kidogo cha chumvi katika bilauri ya maji ya uvuguvugu, mara kadhaa kwa siku. Uvimbe ulipopoa nikapigwa picha ya eksirei, ikaonekana kwamba gego limeinama na halitapata njia kamwe. Ikaamuliwa ling'olewe.

Hapa nataka kuwaondolea watu hofu moja na kuwapa tahadhari moja. Si kila gego la mwisho ni la kung'olewa. Uingereza mwaka 2000 wakuu wa afya waliagiza kwamba gego lililofichika lisilo na ugonjwa liachwe, maana kung'oa nako kuna hatari zake. Ndani ya taya la chini, karibu na mizizi ya gego hilo, unapita mshipa wa fahamu uendao mdomoni, na mwingine uendao kwenye ulimi uko jirani. Ukiguswa, mdomo au ulimi waweza kubaki na ganzi kwa wiki nyingi, na kwa wachache daima. Basi ulizeni kabla ya kukubali: kwa nini ling'olewe, na picha yaonyesha mshipa uko wapi? Swali hilo si utovu wa adabu.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko woga wangu. Nilidungwa sindano ya ganzi, ufizi ukachanwa, mfupa ukapunguzwa kidogo, na jino likakatwa vipande viwili. Nilisikia kusukumwa na kelele, maumivu sikusikia. Niliambiwa niume pamba nusu saa, nisisukutue siku ile, nisivute sigara wala kufyonza kitu, kwa sababu damu iliyoganda shimoni ndiyo kifuniko cha mfupa. Siku ya tatu nilikuwa nimevimba kama mwizi wa asali, na hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni maumivu yanayoanza upya siku ya tatu au ya nne yakipanda hadi sikioni, na harufu mbaya: ndipo mjue kifuniko kimetoka, mrudi likasafishwe na kutiwa dawa. Wavutao sigara hupatwa na jambo hilo zaidi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nisimame leo. Karani mmoja, mkubwa wangu kazini, aliyenifundisha kupanga majalada, alikuwa na kidonda ndani ya shavu. Gego lake la juu lilikuwa limeinama nje na kulikwaruza shavu kila alapo. Alikwenda zahanati fulani, wakaling'oa gego, na mpaka hapo hawakukosea. Mbaya ni kwamba hakuna aliyemwambia arudi. Kidonda kilibaki. Hakikumwuma, naye akachukua kutouma kuwa ni kupona. Alikuwa mtu wa tambuu na tumbaku, na kila tulipomwuliza alijibu, “Ni lile jino tu, shimo halijafunga.” Miezi saba ikapita. Tezi ngumu ilipotokea shingoni ndipo kipande cha kidonda kilipokatwa na kupimwa, ikawa ni saratani.

Daktari wangu alinipa kanuni moja, nami nilitamani ningaliijua miezi saba mapema. Kidonda kilichosababishwa na jino hupona jino likiondolewa au likichongwa. Kipeni wiki mbili. Vile vidonda vidogo vya mviringo, vyeupe katikati na vyekundu pembeni, viumavyo sana mtu akila ndimu, navyo hupona vyenyewe katika muda huo. Wiki mbili zikipita, na kidonda kingali pale, liume lisiume, sharti kikatwe kipande kidogo kwa ganzi kikapimwe. Kadhalika baka jeupe lisilokwanguka, na zaidi baka jekundu. Jino linalolegea bila sababu. Mdomo unaokufa ganzi wenyewe. Utando mweupe unaokwanguka ni jambo jingine, ni kuvu; huwapata watoto wachanga na wenye kisukari, lakini kwa mtu mzima aliyekuwa na afya yafaa kupima damu, maana waweza kuwa dalili ya Virusi vya UKIMWI, na dawa zake zipo. Na wazazi, mtoto akivimba taya na meno yake yakilegea upesi, msimpeleke kung'oa. Daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe huo mwaka 1958. Hukua haraka sana, lakini hukubali dawa watoto wakiwahiwa.

Juu ya tambuu najua naingia nyumba za watu. Wengi hudhani ubaya ni wa tumbaku peke yake. Mwaka 2003 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba popoo lenyewe, hata bila tumbaku, huleta saratani. Tumbaku na pombe vikiwa pamoja huzidisha.

Rafiki yetu alikatwa sehemu ya shavu na taya, kisha akapigwa mionzi. Yu hai. Amerudi ofisini, mwandiko wake ni ule ule, ila maneno hayatoki sawasawa, na simu hupokelewa na mwenzake. Alinipa ruhusa niyaseme haya, ila jina lake nisilitaje.

Ninayo maombi kwa Halmashauri. Wengi wetu hatuendi kwa daktari wa meno kwa kuogopa kuomba ruhusa kwa “jino tu”. Naomba katibu awaandikie wakuu wa idara kwamba ruhusa ya meno ihesabiwe kama ruhusa ya ugonjwa mwingine wowote. Na pale kwenye meza ya chai nimeweka kioo kidogo na kurunzi. Anayetaka nitamwonyesha namna ya kutazama: mashavu yote mawili, chini ya ulimi, pembeni mwa ulimi, kaakaa, na nyuma kabisa ya gego la mwisho.