Sukari Inayoota Juu ya Uzi



Leo sitaanza na sheria, nitaanza na sukari. Katika shule moja ya Kivu, ambayo sitaitaja, mwalimu alitaka watoto waone namna sukari inavyoota chembe ndani ya maji. Zoezi zuri. Lakini aliagiza kila mtoto alete glasi ya sukari. Watoto wa jamaa zilizokimbia vita wakaja mikono mitupu, wakaambiwa wakae nje. Nyumbani walidanganya kwamba mwalimu ni mgonjwa. Mama mmoja aliponieleza hayo, nilisikia haya kuliko hasira.

Walimu, chupa moja yatosha darasa zima. Chemsheni kikombe 1 cha maji, mutie vikombe 3 vya sukari kidogo kidogo, mukikoroga mpaka iyeyuke yote. Maji ya moto yanabeba sukari nyingi kuliko maji baridi; yakipoa yanashindwa na mzigo, na ile iliyozidi inatafuta pa kushika. Ndiyo kazi ya uzi. Uwe wa pamba, safi, ulowe, uviringishwe katika sukari, kisha ukauke kabisa. Ufungeni kwenye kijiti, uning'inie ndani ya chupa bila kugusa chini. Lakini ngojeni kwanza maji yapoe, la sivyo sukari ya uzi itayeyuka na hamutapata kitu. Funikeni na kitambaa, sisimizi hawana haya. Kukoroga na kumimina ni kwa mtu mzima: maji ya sukari yakikushika ngozi hayatoki upesi, yanaunguza vibaya.

Basi, chupa isiguswe siku 7. Hapo ndipo penye shida! Darasani muna mtoto wa mwenye shamba na mtoto anayelala kambini; mmoja akiitikisa, wote wanaharibikiwa. Kila asubuhi wawili, mmoja wa hapa na mmoja aliyekuja, waangalie uzi na kuuchora pamoja kwenye daftari moja.

Sukari itoke wapi? Wazee wa Uvira wanakumbuka ile ya Kiliba, kabla ya vita vya 1996 kusimamisha kiwanda. Siku hizi kamati ya wazazi inunue kilo 1 sokoni, na itabaki.

Sasa sheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na bila malipo. Haikuandika «kwa wenyeji peke yao». Mkubwa wa kata, ukisikia mtoto ametolewa kwa ajili ya sukari, nenda kwa direkta siku ile ile pamoja na mzazi wake. Bila kelele.

Siku ya 7, vunjeni ile sukari na muile. Mtoto anayegawa achukue wa mwisho. Maji yaliyobaki musiyamwage, yanafaa chai ya mwalimu.