HOTUBA YA MWENYEKITI: RUZUKU NA SANDUKU LETU



Awali ya yote namshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka 10 ya kuweka na kukopa siyo mchezo. Historia ya kikundi mtaisoma katika kurasa nyingine. Mimi nimepewa kuzungumzia pendekezo la wanachama, kwamba tuombe ruzuku ya kuwasaidia majirani zetu walioumizwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe katika nchi jirani. Wengine wameolewa hapa hapa, wengine ni wanachama wenzetu. Mkutano mkuu utapiga kura, kwa hiyo tuelewane mapema.

Ndugu wanachama, vita siyo habari ngeni Kagera. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalituvamia, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwaka 1994, kuanzia tarehe 28 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco kule Ngara ikawa kama mji. Mashirika makubwa yakaja na malori, mahema na chakula. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao kwa maelfu, na malori mengi nayo yakaondoka. Lakini jeraha la mtu haliondoki na lori.

Ndiyo maana vikundi vidogo vina kazi. Kule Rwanda kwenyewe, Januari 1995, wajane 50 wa mauaji ya kimbari walianzisha chama chao, AVEGA Agahozo. Neno Agahozo lina maana ya kufuta machozi. Walianza wao kwa wao, kufarijiana. Ruzuku zilikuja baadaye, zikasaidia matibabu, ushauri na makazi. Jamani, angalieni mpangilio huo. Fedha zilikuta watu wamekwisha kukaa pamoja, wanajua nani hana paa na nani hana dawa.

Sasa ruzuku ni nini? Siyo mkopo. Zile fedha za asilimia 10 za halmashauri, ambazo akina mama wana asilimia 4 yao, ni mkopo usio na riba na lazima zirudi. Ruzuku hairudishwi, lakini inadaiwa: inadai usajili, katiba, akaunti ya benki, stakabadhi na taarifa. Tena mara nyingi haiji moja kwa moja mtaani. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, kwa mfano, ina Mfuko wa Wahanga uliofanya kazi kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo. Mfuko huo hupitisha fedha kwa mashirika, na mashirika ndiyo yanayokutana na wananchi. Kwa hiyo tukiomba, tujue tunayeongea naye naye ana bosi wake anayemdai taarifa.

Jambo la kuiga lipo kwa ndugu zetu wa mashariki mwa Kongo. Wana vikundi vinavyoitwa MUSO. Vina visanduku vitatu. Cha kijani ni akiba na mikopo ya wanachama. Chekundu ni cha msiba, ugonjwa na matatizo ya ghafla. Cha buluu ni cha fedha za kutoka nje. Hela ya mgeni hailali pamoja na hela ya mwenye nyumba. Ikichelewa au ikikatika, akiba ya mama muuza ndizi ipo pale pale.

Kwa hiyo mimi naunga mkono tuombe, ila kwa masharti matatu.

La kwanza, ruzuku iwe na akaunti yake na daftari lake. Sanduku letu la kufuli tatu lisiguswe, na mtu asiseme hisa hazina haja tena kwa kuwa mfadhili amekuja.

La pili, wenye kidonda wakae mezani. Wao waseme wanataka mtaji, ada za watoto, au mtu wa kuwasikiliza tu. Na asilazimishwe mtu kusimulia yaliyompata au kupigwa picha ili sisi tupate fedha. Aibu ya mwenzetu siyo ya kuuzwa.

La tatu, kabla hatujaandika ombi tujiulize: siku ruzuku ikiisha, nini kitabaki? Tukimpa mjane unga, unga utaisha. Tukimwingiza kwenye kikundi akanunua hisa yake ya kwanza, hata kama hisa hiyo imetoka kwenye ruzuku, ataendelea kuja kila wiki. Na mwanamke anayekuja kila wiki, siku asipoonekana tutamwulizia. Huo ni msaada ambao mfadhili hawezi kutuletea kwa gari.

Akina mama, mkono mtupu haulambwi, na wetu siyo mtupu, una miaka 10 ya akiba. Twendeni kwa wafadhili tukiwa na daftari letu mkononi, tusiende kama omba omba. Siku ya kura kila mmoja afike, na anayeona tofauti na mimi asimame aseme.